Walii wa Dakika Kumi na Mbili

Kadijah ana masufuria sita makubwa, na kila moja amelipatia jina la mtu aliyemuudhi mwaka aliolinunua. Lile kubwa kuliko yote linaitwa Fadhul, kwa sababu lina mdomo mpana na linachelewa kuchemka.

Mpishi huyu wa harusi anajulikana kuanzia sokoni Koboko mpaka kwenye malori ya mpakani Oraba. Mtu akitangaza harusi bila kumpa taarifa, watu huuliza kwanza wamegombana nini. Alizaliwa Arua, mtaa wa Oli, katika ukoo wa Wanubi ambao babu zao walikuja na bunduki za watu wengine na wakabaki. Bunduki zilipowageukia wao wenyewe, mama yake alimbeba mgongoni mpaka Kaya, ng'ambo ya mpaka, na huko ukimbizini alijifunza kupika kwa ajili ya watu wengi wenye njaa na hasira. Anasema harusi ni kitu kilekile, ila watu wamepaka manukato.

Akarudi, akaolewa na fundi wa magari aitwaye Tahiru, wakajenga Koboko, wakapata mtoto mmoja tu, Faridah. Halafu Tahiru akaugua tumbo. Ndugu yake mkubwa, Fadhul huyuhuyu wa sufuria, muuza matairi wa Kampala, akapiga simu: niko njiani. Kesho yake: niko njiani. Tahiru akawa anakataza mlango usifungwe, kaka anakuja, asije akakuta mlango umefungwa akadhani hatumtaki. Alikufa mlango uko wazi. Fadhul alifika baada ya arobaini, akalia kwa sauti kubwa kuliko wote, akaulizia chakula.

Sasa utaelewa kwa nini asubuhi ya ndoa ya Faridah, Kadijah alikuwa anakoroga pilau kama anayemnyonga mtu.

Maana baba wa bibi harusi hayupo, babu hayupo, kaka hana. Walii anayebaki, wa kutamka maneno ya kumuoza, ni Fadhul. Kadijah alimpigia miezi miwili kabla. Alimpigia tena wiki iliyopita na kumwambia apande basi la usiku kama binadamu wengine. Fadhul akacheka. Akasema yeye siku hizi hapandi vitu vyenye magurudumu manne. Akaandika kwenye kundi la simu la ukoo mzima, na picha ya tiketi akaiweka: "Natoka Entebbe alfajiri, nagusa Arua, natua Koboko saa nne. Mnipokee."

Natua Koboko!

Kiwanja cha ndege Koboko kipo. Hakuna anayebisha kwamba kipo. Kina nyasi nzuri, na mbuzi wa pale wamenona kuliko mbuzi wowote wa mji. Lakini neno la mtu wa Kampala lina uzito, na watu wakaanza kujiuliza, labda serikali imefanya jambo kimyakimya. Wazee wanne wa upande wa bwana harusi wakavaa kanzu zilizopigwa pasi, wakachukua wanawake wawili na ngoma moja, wakaenda kumpokea walii kiwanjani. Wakasimama juani. Ngoma ikapigwa, mbuzi wakakimbia, wakazoea, wakarudi. Saa tano wazee wakarejea nyumbani, kanzu zimejaa kishonanguo mpaka magotini.

Mzee Nasiri, baba wa bwana harusi, akakaa mkekani na kuanza kuchomoa vile vimbegu kimoja kimoja. Alikuwa anachomoa polepole, na hilo ndilo lililomtisha Kadijah.

"Mama Faridah," akasema. "Sisi ni watu wa adabu."

"Ninajua, mzee."

"Mwanangu Abdunoor lazima awe Oraba kabla ya saa kumi. Malori ya Juba yanavuka pamoja, na askari wao. Akiachwa, anabaki peke yake katika ile barabara, na ile barabara wewe unaijua. Akivuka bila ndoa, basi. Hatuwezi kuja hapa mara ya pili kucheza ngoma na mbuzi. Tutajua mumetukataa, tutatafuta pengine."

Na nje, kando ya ukuta, lori lenyewe lilikuwa linanguruma. Fuso la Abdunoor lilikuwa limebeba saruji mpaka juu, na tangu jana starta yake ilikuwa imekufa. Ukilizima, utafute wanaume kumi wa kulisukuma. Kwa hiyo harusi nzima ilikuwa inaendeshwa juu ya mngurumo huo, na moshi wake ulikuwa unaingia kwenye chumba alimokaa Faridah na hina yake mikononi, anatazama mlango.

Kadijah aliyaona yale macho. Aliyajua. Tahiru alikuwa anatazama mlango vilevile.

Akanawa mikono, akachukua simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Mama Faridah! Nyinyi tuliza roho. Mimi iko Arua tangu asubuhi. Nangoja ndege ya Koboko."

"Ndege ya Koboko gani?"

"Iko kwa simu hapa. Arua kwenda Koboko, kilomita arobaini hewani, mwendo wa dakika kumi na mbili. Wameandika."

"Nani ameandika?"

"Watu wa dunia, shemeji. Wana mitambo."

"Hao watu wa dunia wameandika inaondoka saa ngapi?"

"Saa hawajaandika. Wameandika umbali na muda."

Kadijah alihisi damu inampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Mtu mzima, mwenye ndevu na maduka mawili, ameona namba kwenye kioo cha simu akadhani ni basi. Hata kunguru anajua umbali wa kwenda Koboko hewani, na hajamkatia mtu tiketi.

"Shemeji, toka hapo nje, simamisha gari, njoo. Lami iko, saa moja na kidogo umefika."

"Saa moja!" Fadhul akashangaa kweli. "Nitapotezaje saa moja nzima na hapa iko dakika kumi na mbili?"

Alikuwa amekaa pale zaidi ya saa tatu.

Kadijah akakata simu, akaenda moja kwa moja kwa Sheikh Swaka, aliyekuwa ameketi chini ya turubai, miwani yake kwenye paji la uso. Sheikh ni mpole sana, mmoja wa wale wapole wanaokufanya utamani kupiga kelele.

"Sheikh, wewe kaa mahali pake. Oza huyu mtoto."

"Yeye iko wapi?"

"Arua."

Sheikh akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ah. Arua. Angekuwa Kampala ningekaa, hakuna shida. Kampala ni safari, mutu anapunguza sala. Lakini Arua? Nani amewahi kupunguza sala kwenda Arua? Watu wanaenda huko kununua chupa ya chai wanarudi. Walii aliye karibu hivyo hanyang'anywi haki yake."

"Kwa hiyo angebaki kwake Kampala tungeshaoza?"

"Zamani. Watu wangekuwa wanakula."

Kadijah akamtazama sheikh, akatazama juu mbinguni, akamtazama sheikh tena. "Yaani iko mbali sana kufika, na iko karibu sana kuachwa."

"Umesema vizuri," sheikh akasema.

"Sisemi vizuri, sheikh! Nasema vibaya!"

Sheikh akaona afadhali ashushe miwani. Akasema kuna njia nyingine: Fadhul amuwakilishe mtu kwa simu, yaani amtume aoze badala yake, atamke tu mbele ya mashahidi, na mambo yanakwisha. Kadijah akapiga tena, akaweka sauti ya nje, mkeka mzima ukasogea kusikiliza.

"Assalaam aleikum, Fadhul," sheikh akasema. "Niwakilishe mimi, nikuozee."

"Aleikum salaam, sheikh wangu. Nikuwakilishe kwa nini na mimi niko dakika kumi na mbili? Nimeshona suti. Kiti changu kisikaliwe na mutu."

"Umesikia," sheikh akamwambia Kadijah. "Hajakataa kuoza. Angekataa bila sababu, hapo haki ingehamia kwangu."

Kadijah akaivuta simu mdomoni. "Shemeji! Sema unakataa!"

"Nikatae nini?"

"Kataa kumuoza Faridah! Sema mbele ya hawa watu, 'Mimi Fadhul nimekataa'!"

"Astaghafirullah. Mtoto wa ndugu yangu? Mimi nampenda huyu mtoto."

"Mpende kesho! Leo kataa!"

Vijana waliokuwa wanapanga viti wakaangua kicheko. Mzee Nasiri hakucheka. Alikuwa amefika kwenye kimbegu cha mwisho, akakitupa, akaangalia saa yake.

Simu ikakatika. Kadijah alipopiga tena, ikapokewa na mwanamke.

"Hii ni simu ya Fadhul?" Kadijah akauliza.

"Eee. Iko inakula moto hapa kwangu, kwa chaja. Mimi naitwa Juliet, niko na kibanda cha chai mbele ya geti ya uwanja wa ndege. Wewe ndiye mama ya harusi?"

"Ndiye mimi. Mwenye simu iko wapi?"

"Alitoka kuangalia juu." Juliet akashusha sauti, lakini si sana. "Mama, pole. Ndege ya Kampala ilimtema asubuhi. Ya Koboko hapa hakuna, mimi nimeuza chai hapa sijaona hata kivuli yake. Askari amemwambia. Mimi nimemwambia. Anasema tunaficha, eti ni ya wakubwa."

"Na gari?"

"Gari ya Koboko? Inapita hapa kama kuku. Nimemsimamishia mbili. Anasema hawezi kupanda gari, ana haraka."

Kadijah akakaa juu ya kigoda. Wanawake wa jikoni wakadhani anazimia, mmoja akaleta maji. Hakuwa anazimia. Alikuwa anatafuta neno la kumtukana Fadhul ambalo lingetosha, katika Kiswahili, Kinubi, Kilugbara na Kiarabu cha Juba, na lugha zote nne zilikuwa zimemuishia.

Halafu akainuka.

"Abdunoor!"

Bwana harusi akatokea nyuma ya lori. Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya tarbushi, na kidole kimoja cheusi cha oili ambacho kimeshindikana kuoshwa. Ni kijana wa maneno machache. Wakwe wengi wangemsifu kwa hilo, lakini siku hiyo Kadijah aliona anayabana bure.

"Naam, mama."

"Hii lori yako inafika Arua?"

"Inafika. Lakini iko na mzigo, mama."

"Mzigo unaogopa Arua?"

Abdunoor akafikiri. "Hapana."

"Walii hataki kuja kwenye harusi. Basi harusi inamfuata walii. Sheikh, inuka."

"Mimi?" sheikh akasema.

"Bibi harusi hatakiwi kikaoni, au nimesahau? Mnataka walii, bwana harusi, sheikh na mashahidi wawili. Hawa wote wana miguu. Pandeni."

Mzee Nasiri akafungua mdomo, Kadijah akamgeukia. "Mzee, wewe kaa hapa, ule. Sufuria zote ziko tayari. Mtoto wako atapita hapa akiwa na mke, halafu ataenda Oraba. Asipopita na mke, chukua kila kitu chako, na sufuria zangu uchukue."

Kwa mpishi wa Koboko hicho ni kiapo kikubwa kuliko vyote. Mzee Nasiri alikijua. Akavuta sahani.

Waliondoka hivyo. Abdunoor alishika usukani, sheikh akakaa dirishani ameshika msahafu na kilemba, na Kadijah akabanwa katikati, aproni yake bado ina mafuta ya pilau. Mashahidi wawili walikuwa juu ya saruji, wamejifunga vitambaa usoni kama majambazi wacha Mungu. Faridah alisimama dirishani kwake. Mama yake hakumpungia mkono. Alimwonyesha ngumi.

Njiani hakuna aliyesema mengi. Lori lililoshiba saruji halina adabu kwenye milima ya Maracha. Lilikuwa linapanda linalia, pikipiki zenye mabunda ya mihogo zinawapita. Sheikh alijaribu mara moja.

"Mama Faridah, hasira..."

"Sheikh, Tahiru alikufa akisema mlango usifungwe."

Sheikh akageukia dirishani.

"Siku tatu upepo unaingia, vumbi inaingia, mgonjwa anatetemeka. Nikigusa mlango, analia. Kaka iko njiani. Leo yeye iko tena njiani, na mtoto wangu anatazama mlango. Usiniambie hasira. Hii hasira ndiyo inasukuma hii gari."

Abdunoor akabadilisha gia, akakanyaga mafuta.

Fadhul walimkuta kwenye benchi la Juliet, ng'ambo ya barabara, akitazamana na geti la uwanja wa ndege. Alivaa suti ya buluu yenye mng'aro, viatu vyenye ncha, na kando yake kulikuwa na sanduku dogo la magurudumu. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa kutazama juu. Alipoona lori linasimama, hakulitilia maanani. Alipoona sheikh anashuka akitanguliza mguu, akasimama.

"Sheikh? Mmefikaje?"

"Kwa magurudumu sita," Kadijah akasema, akiruka chini. "Kaa."

"Shemeji, subiri, huyu askari ananificha kitu, nimeuliza..."

"Kaa."

Akakaa. Abdunoor akaacha lori linanguruma pale kando ya barabara, akaja akaketi mbele ya Fadhul kwenye jerikani lililogeuzwa. Mashahidi wakashuka weupe mpaka kwenye kope. Juliet akafuta meza, akaondoa chapati, akavaa kitambaa kichwani kwa heshima ingawa yeye ni wa kanisani, akawafukuza wateja wawili waliotaka chai. "Hapa iko ndoa," akawaambia. "Chai baadaye."

Sheikh akaanza. Akasoma hotuba yake fupi, akiinua sauti juu ya injini. Akamwelekeza Fadhul amshike Abdunoor mkono. Fadhul akashika, akanyoosha suti, akakohoa, akatazama huku na huku kama anayetafuta kipaza sauti.

"Kabla ya kutamka," akasema, "ningependa kueleza kidogo kuhusu safari yangu. Nilitoka Entebbe alfajiri, ndege ni ya aina..."

"OZA!"

Sauti ya Kadijah ilisikika mpaka getini. Askari akainua kichwa. Mtoto wa Juliet aliyelala kwenye kanga akaamka. Shahidi mmoja baadaye aliapa kwamba injini nayo ilisita kidogo.

Fadhul akaoza. Maneno yalimtoka haraka, yamefuatana, hakukosea hata moja. "Nimekuozesha mtoto wa ndugu yangu, Faridah binti Tahiru..." Na alipofika kwenye jina la Tahiru sauti ikakwaruza, akamaliza. Kadijah aliona. Hakutaka kuona, lakini aliona. Hilo halikumpunguzia hasira.

"Nimekubali ndoa yake," Abdunoor akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mazito kuliko yote siku ile.

Juliet akapiga kigelegele peke yake, akakata, akacheka mwenyewe, akawapa soda. Kisha wote wakakimbilia lori. Fadhul akafuata akivuta sanduku lake kwenye changarawe.

"Shemeji, mimi nakaa wapi?"

Kadijah alikuwa ameshapanda. Akamwonyesha juu, kwenye mifuko.

"Na suti hii?"

"Au ngoja ndege. Iko karibu."

Fadhul akatazama mbinguni mara ya mwisho, nadhani kwa mazoea. Mashahidi wakamvuta mikono, Juliet akamsukuma kutoka chini kwa bega, na walii akapaa, mita mbili na nusu.

Koboko watu walikuwa wamekwisha kula. Wanawake walisikia lori kabla hawajaliona, wakatoka na ngoma barabarani, na safari hii hakukuwa na mbuzi. Mzee Nasiri alisimama, akaangalia saa, akamwangalia mwanawe, Abdunoor akainua mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa na walii. Mzee akakunja uso kuzuia kutabasamu.

Lori halikuzimwa. Faridah alitoka, shela kichwani, akasimama kwenye moshi chini ya dirisha la dereva. Mume wake aliinama kumfikia. Walisema walichosema, kwa ule mngurumo hakuna aliyesikia. Kisha gia, kisha barabara ya Oraba, na bibi harusi akabaki ameshika tarbushi aliyoachiwa, ana alama ya kidole cha oili shavuni, wala haifuti.

Kadijah akaingia jikoni. Tangu alfajiri alikuwa hajaweka kitu mdomoni. Akakwangua ukoko wa mwisho katika lile sufuria kubwa, akapata sahani moja kamili, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kula kwa mkono, polepole, kama mwenye nyumba.

Kivuli kikaja mlangoni. Fadhul alikuwa mweupe wote, suti, nywele, ndevu, ni macho tu mekundu. Sanduku lilikuwa limevunjika gurudumu moja. Akasimama, akatazama masufuria yaliyogeuzwa, akatazama sahani.

"Mama Faridah," akasema kwa unyonge, "chakula iko?"

Kadijah akameza kwanza.

"Angalia kwa simu," akasema. "Itakuambia iko umbali gani."

Akaendelea kula. Fadhul alikuwa amesimama bado, kwa hiyo Kadijah akanyoosha mguu, na kwa kisigino chake akausukuma mlango ukajifunga.